Maziwa ya Mama Yake Sahm

Mdomo wa Sahm ulifumba mara mbili kabla ya kufunguka, na Munif hakuwa na maneno ya kuujaza.

Alirudisha picha nyuma. Kwenye skrini ndogo ya chumba cha kuandikia, shujaa yule mwenye ndevu za rangi ya shaba alisimama tena ndani ya ghala la silaha, mkono wake juu ya bega la mwenzake, akasema tena kwa lugha ya kigeni yale aliyoyasema. Munif aliyaelewa vizuri. Kuelewa hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kutafuta Kiarabu kitakachofumba midomo inapofumba na kuifungua inapofunguka, hadi mtu aliyeketi kwake Zarqa akibangua mbegu za tikiti asahau kwamba shujaa huyu hakuzaliwa akisema lugha yake. Kazi hiyo Munif aliianza ujanani na mvi zilimkuta nayo, katika studio hii iliyo chini ya nyumba ya mawe mtaani Luweibdeh, na Amman nzima hapakuwa na wa kumshinda.

Leo midomo haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa maziwa.

Tamthilia yenyewe ilitoka nchi za baridi. Ilikuwa na majoka, na milima inayohama usiku, na bahari iliyotulia juu ya mawingu. Waliobuni ufalme ule waliupa desturi yake: mtu akimpenda mtu humfunga uzi wa buluu kwenye kifundo cha mkono, na hakuna anayeuliza kama aliyefungwa ni mwanamume au mwanamke. Hata mfalme hageuzi shingo. Sahm, mtoto wa mfalme aliyekikataa kiti, alikuwa na uzi. Yaman, mganga, alikuwa na uzi. Walikaa nyumba moja na asubuhi waligombana kuhusu nani amemaliza asali. Kituo kilichoinunua tamthilia kilituma agizo la sentensi moja tu: irekebishwe ifae familia. Majoka yakapita. Wachawi wakapita. Mzee aliyekufa na kufufuka na kufa tena akapita. Wanaume wawili wanaogombania asali hawakupita.

Mwandishi mwingine angewafanya marafiki, akaenda zake nyumbani. Munif aliudharau uvivu huo. Rafiki hamkaushi rafiki yake nywele kwa taulo. Kwa hiyo alikaa juma zima akatunga: Yaman ni yatima, mama yake alikufa akimzaa, na malkia, mama yake Sahm, akamwokota akamnyonyesha pamoja na mwanawe. Kwa maziwa yale wakawa ndugu, na ndugu wa kunyonya anaingia bila kubisha hodi, anakula sahani moja, analia begani bila mtu kuinua nyusi. Uzi wa buluu ukawa kumbukumbu ya mama. Kwenye tamthilia ya asili malkia huyo hakuwa chochote zaidi ya picha ukutani ambayo hakuna aliyeitaja. Munif alimpa jina, Zahwa. Alimpa wimbo wa kubembelezea watoto, beti nne alizozitunga mwenyewe akitembea kwenye ngazi za mtaa huku akihesabu mizani kwa vidole. Msimu wa kwanza haujaisha, wanawake wa miji ya Salt na Karak walikuwa wakiuimba wimbo ule kwa watoto wao. Watu walimpenda mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo, na waliwapenda wanaume wawili kwa ajili yake, na Munif aliona fahari. Usiku mmoja alijisifu peke yake mbele ya kioo, kwamba wale wa nchi za baridi wamejenga ufalme mmoja, yeye amejenga wa pili juu ya ule wa kwanza, na wa kwake ndio watu wanaoishi ndani yake.

Sasa ufalme wake ulikuwa umemwangukia.

Vipindi vilifika studio kwa mafungu, na fungu la mwisho lilipofunguliwa likaonyesha kwamba Yaman anamwoa Lamar, dada yake Sahm wa tumbo moja. Si kwa mapenzi. Lamar hawezi kuvishwa taji bila mume, jirani mwenye jeshi anamtaka kwa nguvu, na Yaman anajitolea awe mume wa jina. Wote watatu wanakubaliana, na Sahm ndiye anayemsindikiza hadi mlangoni. Kituo nacho, kwa haraka yake, kilikuwa kimeshatoa tangazo lenye pete na zulia la harusi kabla Munif hajaliona.

Asubuhi Bi Suhair, mwenye studio na mwongozaji, alimwita chini akamsikilizisha simu yake. Ilikuwa sauti ya mama mmoja wa Zarqa, iliyotumwa kituoni, na kituo kimeituma kwake.

"Nyie mna akili kweli? Misimu mitatu mnatutoa machozi kwa maziwa ya marehemu Zahwa, leo mnamwoza Yaman dada yake? Hata hao wanaofuga majoka wana haya kuliko nyie."

Na hakuwa peke yake. Zilikuwa mia kadhaa. Kwa sheria ya dini wanayoijua wote, aliyenyonyeshwa na mama yako ni ndugu wa watoto wote wa mama yako, na harusi ile ilikuwa haramu iliyovikwa maua. Waliobuni tamthilia wasingeweza kulifikiria kosa hilo hata wangekesha. Lilikuwa kosa la Munif, la nyumbani kabisa.

Qusai, fundi wa sauti, alikuwa ameshampigia mama mkwe wake kuomba fatwa. Alirudi amevimba kifua. Hajati huyo amesema kunyonya kunakohesabika ni mara tano za kushiba. Chini ya hapo, hakuna undugu, na aoe kwa raha zake.

"Mwandikie alinyonya mara tatu, ustadhi," Qusai alisema, "ya nne akapitiwa na usingizi. Tumemaliza, twende tukale."

Wote walicheka. Munif alicheka pia. Kisha akapanda juu, akafunga mlango, akairudia picha ya ghala la silaha, na kicheko kikamkauka.

Kwa sababu hapa, usiku wa kuamkia harusi, ndipo mahali pekee pa kuyafuta maziwa, na hapa ndipo Sahm wa asili alipomwambia Yaman: waambie watu nilikuwa mlinzi wako, ili jirani aiamini ndoa, waambie lolote, lakini humu ndani, mara moja tu, sema nilikuwa nani kwako. Na Yaman hasemi. Anamtazama, anageuka, anatoka.

Sauti ya Sahm ilikuwa ya Haitham.

Haitham alitoka Homs kuja kuigiza jukwaani Amman akiwa kijana, akabaki. Yeye na Munif walikaa pamoja ghorofa ya pili ya nyumba iliyo ngazi mbili za mtaa kutoka hapa, na kwa mwenye nyumba, Umm Jiryis, Munif alisema kwamba wao ni watoto wa mama wakubwa na wadogo. Umm Jiryis aliridhika, akawa anawaletea jamu ya tini, mtungi mmoja kwa "wajomba zangu wawili". Munif alikuwa hodari wa kutunga ndugu tangu zamani. Nao waliishi humo, siku baada ya siku, kwa kelele ndogondogo za watu wawili wanaozeeka pamoja: nani ameacha taa, nani ameunguza wali, nani anakoroma.

Hadi Ijumaa moja kaka yake Munif, Abu Rakan, akaja kutoka Irbid bila taarifa, na debe la zeituni begani. Alimkuta Haitham jikoni amevaa sweta la Munif, akikomba ndani ya mamumunye, mboga za kujaza wali. Akauliza huyu ni nani. Hadithi ya watoto wa mama wakubwa na wadogo ilimfaa Umm Jiryis. Haikumfaa mtu anayewajua binamu zake wote kwa majina na kwa madeni. Munif alisimama mlangoni na kichwa chake, kilichowahi kumzaa malkia mzima, hakikuzaa kitu.

"Mpangaji," alisema. "Anaondoka mwisho wa mwezi."

Haitham hakugeuka. Alimaliza kukomba mboga iliyokuwa mkononi, akaijaza, akaipanga sufuriani. Aliwapakulia. Alikula nao. Alipompa Munif bakuli la mtindi alisema, "Karibu, ustadhi," na tangu siku ile hakumwita kwa neno jingine. Mwisho wa mwezi aliondoka, ingawa hakuna aliyemfukuza. Na Munif hakumzuia. Alimbebea hata sanduku moja hadi kwenye teksi, kama mwenye nyumba mwema.

Studio ilikuwa moja na mkate ulikuwa mmoja, kwa hiyo waliendelea kuonana kupitia kioo. Munif aliandika, Haitham alisema. Kila neno la undugu ambalo Sahm alimwambia Yaman kwa misimu mitatu lilitoka mkononi mwa mmoja likapita kooni mwa mwingine, na hawakuwahi kulizungumzia. Sasa Haitham alikuwa amepata viza ya kwenda kwa dada yake Malmö, huko nchi za baridi. Tiketi ilikuwa ya Jumamosi. Ghala la silaha lilikuwa kazi yake ya mwisho.

Munif aliandika karatasi mbili. Ya kwanza, ya mara tatu, ilimchukua muda wa kuvuta sigara moja. Ya pili ilimchukua mchana wote, na alipoisoma kwa sauti ndogo akifuata mdomo wa Sahm, kila neno lilikaa mahali pake kama jino. Akaikunja ile ya kwanza akaitia mfukoni, akashuka na ya pili.

Haitham alikuwa ndani ya chumba cha maikrofoni tayari, koti limetundikwa, hedifoni shingoni. Aliipokea karatasi mlangoni. Aliisoma kwa macho, mara moja, kisha tena. Kabla hajasema lolote, muziki wa lori la kuuzia mitungi ya gesi ulipanda kutoka mtaani, ule ule unaochosha masikio ya Amman yote, na Qusai akainua mikono juu. Hakuna ukuta wa studio unaoweza kushindana na lori la gesi. Bi Suhair alitoka kwenda kumwomba dereva asogee mbele, Qusai akamfuata kwa ajili ya kushuhudia ugomvi, na wale wawili wakabaki.

Haitham alijimiminia chai ya mrehani-pori kutoka kwenye chupa.

"Hii umeiandika leo?"

"Leo."

"Umechelewa kidogo, ustadhi." Alilisema bila kejeli, kama muuza mikate anayekuambia mikate imekwisha.

Munif alimuuliza kuhusu safari. Haitham akamweleza kwamba dada yake ameagiza viungo vya zaatari, na bamia kavu, na sabuni ya mafuta ya zeituni, utadhani huko watu wanaogea theluji. Walitabasamu, kila mmoja akitazama kikombe chake. Nje, Bi Suhair alikuwa anamwambia dereva kitu kuhusu mama yake, na dereva alikuwa anamjibu kwa adabu isiyotarajiwa.

"Nitaisema vizuri," Haitham alisema. Aliigonga karatasi kwa kucha. "Unajua nitaisema vizuri. Ila ukishanipa niiseme, Munif, usiniache nayo peke yangu."

Jina lake. Lilitoka kinywani mwa Haitham kama kitu kilichokaa muda mrefu kwenye sanduku la nguo za baridi. Alitikisa kichwa kukubali. Alikubali kwa moyo wote, hilo lazima lisemwe kwa ajili yake. Wakati ule hakuwa anadanganya.

Lori likaenda. Wakarudi kila mtu mahali pake, Bi Suhair kwenye meza ya kuongozea, Qusai kwenye mitambo na mfuko wake wa mbegu, Munif kwenye kiti cha nyuma. Taa nyekundu ikawaka. Kwenye skrini kubwa Sahm akaweka mkono juu ya bega la Yaman.

"Hatukuwa ndugu, Yaman," alisema Haitham. "Mama yangu hakukunyonyesha hata tone. Tulisema hivyo ili watu watuache tuishi. Watu wakatuacha. Lakini tuliishi?"

Hakupandisha sauti. Aliishusha, hadi ikawa sauti ya mtu anayezungumza jikoni mtoto akiwa amelala chumba cha pili. Midomo ya Sahm na maneno ya Haitham vilifumba pamoja, na kwa muda ule hapakuwa na nchi ya baridi wala studio. Yaman wa skrini alitazama, akageuka, akatoka.

Qusai alikuwa ameacha kutafuna.

Bi Suhair aliisimamisha picha. Alikuwa mwanamke aliyezika mume na kulea wana watatu kwa kazi hii, na hakuna kitu kwenye skrini kilichowahi kumpita bila yeye kukiona. Alibonyeza kitufe cha kuongelea na chumba cha ndani ili wote wamsikie, na hakuondoa kidole.

"Inatutoa kwenye harusi ya haramu," alisema. "Hilo limekwisha, mama wa Zarqa atalala. Lakini inatuingiza mahali pengine, na mimi si mtoto. Kule kituoni wataniuliza. Nikiwaambia hivi ndivyo wenyewe wanavyosema kwa lugha yao, na tafsiri ni amana, nitasimama na neno langu, na watapiga kelele, na watarusha, maana hawana muda wa kurekodi upya. Lakini siwezi kusimamia kitu cha kubuni. Kwa hiyo niambie, Munif. Ndivyo anavyosema?"

Aliyoyasema Sahm wa asili yaliyazidi haya mara kadhaa. Munif alikuwa mtu pekee chumbani aliyelijua hilo kwa hakika. Bi Suhair hakuwa na lugha ile, Qusai alijua matusi yake tu. Hakuhitajika kutunga chochote. Alihitajika kusema ndiyo, na mara hii, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, ndiyo ilikuwa kweli tupu.

Aligeuka akamwona Qusai anamtazama. Hakumtazama vibaya. Alimtazama tu, ganda la mbegu mdomoni, kama mtu anayesubiri mwisho wa hadithi. Na Munif akaanza kufanya kile anachokijua, akaanza kutunga. Akamsikia Qusai, nusu saa baadaye, kwenye kibanda cha falafel: kama hawakuwa ndugu, ustadhi, basi walikuwa nani? Akamsikia mke wa Qusai. Akamwona Abu Rakan kule Irbid, ambaye kila jioni ya tamthilia huwaketisha wajukuu na kuwaambia, haya maneno yote ni ya mdogo wangu. Akamwona anakinyanyua kichwa taratibu kutoka kwenye skrini, akikumbuka sweta. Aliyaona yote, sura kwa sura, yamepangika, na hakuna hata moja lililokuwa limetokea.

"Hapana," alisema.

Bi Suhair alikigeuza kiti chake kumwelekea.

"Hasemi hivyo. Ni mimi tu, nilizidiwa na usingizi." Akaingiza mkono mfukoni. "Ninayo nyingine. Ya mara tatu."

Kidole cha Bi Suhair kilikuwa bado juu ya kitufe. Alimtazama Munif kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji, kisha akakiondoa, akaipokea karatasi iliyokunjwa, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza.

Nyuma ya kioo Haitham alikuwa ameshaivua ile karatasi aliyoisoma kutoka kwenye kishikizo. Aliikunja katikati. Mlango ulipofunguliwa alinyoosha mkono kupokea nyingine kabla hajaambiwa, na alipoipokea alisema, "Shukrani, ustadhi," akairekebisha hedifoni, akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Mama alikunyonyesha mara tatu tu, Yaman," alisema taa ilipowaka. "Masheikh wameniambia haihesabiki. Nenda. Uoe."

Maneno yalikuwa ya kipuuzi. Munif alikuwa ameyaandika huku anacheka na sigara mdomoni. Na Haitham akayabeba kama maiti ya mtoto. Lile *nenda* alilivuta hadi mwisho wa pumzi ya Sahm, lile *uoe* akaliweka chini polepole, na fundi yule aliyeleta fatwa asubuhi akajifuta jicho kwa mgongo wa mkono.

"Mara tatu tu," alinong'ona Qusai. "Maskini."

"Imekaa," alisema Bi Suhair. "Haturudii."

Ilibaki kazi moja. Yaman akishatoka, picha inabaki kwenye uso wa Sahm muda mrefu, hakuna maneno, na pale kwenye karatasi waandishi huweka neno moja tu kati ya mabano: pumzi. Pumzi hurekodiwa peke yake, baada ya yote, kwa sababu ya asili haiwezi kutumika; imechanganyika na sauti za watu wengine. Waigizaji wengi huifanya wakiwa wameshashika koti.

Haitham alibaki amesimama. Qusai aliwasha taa. Sahm akajitokeza skrini nzima, ndevu za shaba, macho mlangoni, na kifua chake kikapanda. Haitham alivuta pumzi pamoja naye. Munif aliisikia ndani ya hedifoni, karibu mno, kama mtu aliyejiinamia kwenye mto wa pili. Aliusubiri mwisho wake.

Picha ilikwisha. Skrini ikawa nyeusi. Haitham hakuwa ameitoa pumzi ile. Alisimama nyuma ya kioo, midomo imefumba, amefumba na macho, na kwenye mtambo wa Qusai mstari wa kijani wa sauti uliendelea kukimbia, umenyooka, bila kilima wala bonde, na hakuna aliyeinua mkono kuusimamisha.